Farasi, taa za karatasi na mkate wenye kiko: niliingia sherehe ya nani?

Mtanga wa Bonn:
Ndugu wanajamvi, naomba ufafanuzi. Nimehamia Bonn, Ujerumani, mwezi wa tisa kwa ajili ya masomo. Jana, tarehe 11 Novemba, nikitoka maktaba na giza limekwisha kuingia, nilikuta polisi wamefunga barabara, na nyuma yao ukapita msururu mrefu wa watoto, kila mmoja ameshika kijiti chenye taa ya karatasi inayoning'inia: bundi, mwezi, hata kasa. Mbele yao alikuwapo mtu juu ya farasi, amevaa kofia ya askari wa kale na joho jekundu. Niliwafuata hadi uwanja wa shule, ambako moto mkubwa ulikuwa umewashwa, na mama mmoja akanikabidhi mkate mtamu wenye umbo la mtu, macho yake zabibu kavu, kifuani amebanwa kiko cha udongo mweupe. Nilipokwisha kuula ndipo nilipoona kwamba wenzangu wanatoa vikaratasi kabla ya kupewa. Je, nilikula haki ya mtoto wa watu? Na kwa kuwa mimi ni Mwislamu, je, ile ilikuwa ibada?

Mzee wa Köln:
Kaka, hiyo ni siku ya Mtakatifu Martin. Alizaliwa Savaria, mji ambao leo ni Szombathely nchini Hungaria, akawa askari wa Dola ya Roma, na inasimuliwa kwamba langoni mwa Amiens, wakati wa baridi kali, alilikata joho lake kwa upanga akampa maskini nusu. Ndiyo maana ya lile joho jekundu; ungesogea karibu na moto ungeona likikatwa. Baadaye alikuwa askofu wa Tours, akafariki mwaka 397, na tarehe 11 Novemba ndiyo siku aliyozikwa. Zamani siku hiyo ilifunga mwaka wa wakulima: kodi za mashamba zililipwa na vibarua wakamaliza mikataba yao. Usiichanganye na kelele za asubuhi ya siku hiyohiyo, saa tano na dakika kumi na moja, ambapo watu wazima wa huku kwetu Köln huvaa kama vichekesho kufungua msimu wa kanivali. Hayo ni mambo mengine kabisa, na kwa maoni yangu hayana utamu wa taa za watoto.

Mama Wawili:
Mdogo wangu, usiwe na wasiwasi. Vile vikaratasi ni vya wazazi waliolipia mikate shuleni mapema, lakini mara nyingi huagizwa ya ziada, na mama yule asingekupa kama angekuwa anawakosesha watoto. Kuhusu ibada, mahali pengine misa fupi hutangulia kanisani, ila maandamano yenyewe hupita barabarani na yeyote hufuata; wanangu, ambao ni Waislamu, hutengeneza taa zao chekechea pamoja na wenzao. Jihadhari na kitu kimoja tu: sufuria zinazotoa mvuke karibu na moto huwa mbili, moja ya divai ya moto na nyingine ya maji ya matunda ya watoto, na harufu ya mdalasini hufanana, kwa hiyo uliza kabla ya kupokea kikombe. Tena nunua peremende, kwa sababu baada ya maandamano watoto hupita mlango kwa mlango wakiimba na kungoja chochote, kama wetu wanavyopita kudai mkono wa Idi.

Mtanga wa Bonn:
Ahsanteni sana, mmenitoa tongotongo. Dada, hilo la mwisho limenichoma. Jana, mnamo saa moja na nusu usiku, kengele ya mlango wangu ililia mara tatu, nikasikia minong'ono ngazini, nami, nikidhani ni wachuuzi, nilizima taa nikakaa kimya hadi wakaondoka.