Tupeane uzoefu: habu ya nyumba janja iligoma kusasishwa, ulifanyaje?

Mwanzisha mada

Wakuu, habari zenu. Naanza na yangu kwa sababu iliniuma sana, na sitaki mwingine aipitie.

Habu yangu (kile kifaa cha kati kinachoongoza taa, swichi na vihisi vya nyumba) ilianza kujisasisha programu dhibiti, yaani programu inayoiendesha kwa ndani, usiku. Asubuhi nakuta taa yake ya mbele inawaka na kuzimika rangi ya chungwa, na kwenye simu kuna ujumbe: "Kupakua kumeshindikana." Nikauona ujumbe, sikuusoma. Nilichokiona mimi ni kwamba habu imekufa. Nikachukua pini, nikaiingiza kwenye kile kitundu cha nyuma, nikabonyeza mpaka taa ikazima.

Habu ikaamka vizuri kabisa, na toleo lilelile la zamani, ila tupu. Balbu, swichi, vihisi vya milango, jumla vifaa 31, haikitambui hata kimoja. Kile kitundu hakikuwa cha kuwasha upya, kilikuwa cha kufuta, na kilipofuta kiliondoka na ufunguo wa siri wa mtandao wa Zigbee (redio ambayo habu hutumia kuongea na vifaa) ambao kila kifaa kilipewa siku kilipounganishwa. Vifaa bado vimeshika ufunguo wa zamani, habu imeshatengeneza mwingine. Siku mbili nilikuwa juu ya ngazi, balbu moja baada ya nyingine.

Baadaye ndiyo nikaelewa kuwa sasisho lina hatua zake: faili linapakuliwa, linakaguliwa kama limefika zima na lina saini ya mtengenezaji, linaandikwa kwenye hifadhi, halafu habu inawaka na toleo jipya. Habu nyingi za siku hizi zina nafasi mbili za mfumo. Jipya huandikwa kwenye nafasi isiyotumika, na likikataa kuwaka habu inarudi yenyewe kwenye lile la zamani. Yangu ilikwama hatua ya kwanza kabisa! Hakuna kilichokuwa kimeguswa ndani. Kilichohitaji kushughulikiwa ni intaneti.

Kwa hiyo naomba kila anayechangia aseme: ilikwama hatua gani, umejuaje, na nini kilisaidia.

KeboFupi

Pole sana mkuu. Yangu ilikuwa hatua ya kuandika.

Nilikuwa nimeichomeka habu kwenye tundu la USB nyuma ya televisheni ili kupunguza nyaya. Siku zote inafanya kazi, taa zinawaka, sina malalamiko. Siku ya sasisho inafika asilimia sabini na kitu, inazimika, inajiwasha, inaanza upya. Mara tatu mfululizo. Kwenye adapta iliyokuja nayo pameandikwa volti 5, ampia 2, wakati tundu la kawaida la USB 2.0 limepangiwa miliampia 500. Habu ikiwa imetulia inajikongoja na huo umeme mdogo, lakini ikianza kuandika huku redio za Wi-Fi na Zigbee ziko kazini, umeme unapungua na inaanguka. Nikarudisha adapta yake na kebo yake. Ikamaliza jaribio la kwanza.

Kuna hatari nyingine sikuwa nimeiwaza: kuna televisheni ambazo ukizizima zinakata na umeme wa tundu hilo. Fikiria mtu anazima televisheni akalale, habu iko katikati ya kuandika.

PakitiNzima

Mimi ilikuwa kupakua, na ilinisumbua wiki nzima kwa sababu kila kitu kingine nyumbani kilikuwa kinaenda. Asilimia sifuri, dakika tano, "imeshindikana".

Kilichonifungua macho ni hotspot ya simu. Niliunganisha habu huko, ikapakua faili lote bila shida. Hapo nikajua habu ni nzima, seva ni nzima, tatizo liko kwenye ruta yangu.

Laini yangu inatumia PPPoE (njia ya kuingia kwenye intaneti kwa jina na nenosiri), ambayo mara nyingi pakiti, yaani kipande cha data, kubwa kabisa inayopita ni baiti 1492 badala ya 1500. Ruta niliyoiweka mwenyewe ilikuwa haiambii upande wa pili upunguze. Matokeo yake pakiti ndogo za salamu zinapita, habu na seva zinaitikiana, halafu pakiti kubwa zenye mzigo wenyewe zinatupwa njiani kimyakimya. Nilipima kwa ping (amri ya kutuma pakiti ya majaribio na kusubiri jibu) kutoka kwenye kompyuta, nikiizuia pakiti isikatwe: ukubwa wa 1464 unapita, 1472 haupiti. (Jumlisha baiti 28 za vichwa vya pakiti, unapata 1492 na 1500.) Nikaweka MTU ya ruta (ukubwa wa juu wa pakiti) 1492, nikawasha kipengele cha kurekebisha MSS (kinachouambia upande wa pili utume vipande vidogo), sasisho likashuka hapo hapo.

Kama yako inakwama sifuri kila mara, jaribu hotspot kabla hujaparamia kingine chochote.

SaaMbovu

Yangu ilikaa kwenye boksi miaka. Nilipoiwasha ilikataa kupakua, na kwenye kumbukumbu za mfumo kila mstari una tarehe 1 Januari 1970. Haina betri ya saa, kwa hiyo ikiwaka inaanzia hapo mpaka ipate saa kutoka kwenye intaneti. Mimi niliiweka kwenye mtandao wa wageni, ambako nilikuwa nimefunga karibu kila kitu, na mlango wa UDP 123 unaoleta saa ukiwemo. Kwa habu iliyoko mwaka 1970, cheti cha seva (kitambulisho chake cha kidijitali) bado hakijaanza kutumika, basi inakikataa.

Nikafungua mlango, saa ikakaa sawa, bado ikagoma. Safari hii mzizi wa vyeti (cheti kikuu kinachothibitisha vingine) uliokuwa ndani yake ulikuwa umeisha muda tarehe 30 Septemba 2021, na mzizi mpya ungekuja na sasisho lenyewe ambalo haiwezi kulipakua! Bahati nzuri ina ukurasa wake wa ndani wa kupandisha faili. Nikapakua kwa kompyuta, nikalinganisha SHA-256 yake (namba inayotambulisha faili, ikibadilika ujue faili limebadilika) na ile iliyochapishwa na mtengenezaji, nikapandisha toleo la kati kwanza, kisha la mwisho. Nilipojaribu kuruka moja kwa moja lilikataliwa.

Nipo_nayo_sasa

Jamani, mimi iko mbele yangu hivi sasa. Taa nyeupe inawaka na kuzimika dakika 25, programu ya simu inasema habu haipatikani. Pini ninayo mkononi.

Mwanzisha mada

Weka pini chini, tafadhali. Ingia kwenye ruta, angalia orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Habu ina anwani ya IP?

Nipo_nayo_sasa

Inayo. Na nikiifungua kwenye kivinjari kwa anwani hiyo, ukurasa unakuja. Toleo limeandikwa jipya.

KeboFupi

Basi imeshamaliza. Sasisha programu ya simu, inawezekana ile ya zamani haielewani na toleo jipya.

Nipo_nayo_sasa

Nimesasisha, habu imeonekana! Vifaa vyote vipo. Lakini taa bado inawaka na kuzimika.

PakitiNzima

Angalia kama inasasisha balbu zenyewe. Kasi ya Zigbee yote ni kilobiti 250 kwa sekunde, tena za kugawana, na faili linakwenda kwa vipande vidogo sana. Balbu moja inaweza kuchukua nusu saa au zaidi. Usizizime ukutani.

Nipo_nayo_sasa

Ndiyo, imeandikwa hapa: balbu 2 kati ya 9. Nimebandika karatasi kwenye swichi ya sebuleni.