Kamati inataka kupiga marufuku kuchaji betri za baiskeli za umeme ndani ya jengo. Ni busara au ni woga?

Mpangaji_Ghorofa3

Habari wakuu. Kamati ya wakazi wa jengo letu inakwenda kupiga kura: betri za baiskeli na skuta za umeme zisichajiwe ndani ya jengo kabisa. Jengo lina ghorofa tano na ngazi moja tu. Baiskeli zipo kama kumi na mbili, na wengi wa wenye nazo ni wasambazaji wa mizigo, yaani ndiyo riziki yao.

Kundi moja linasema betri hizi ni mabomu. La pili linajibu kwamba hata simu ina lithiamu na hakuna aliyewahi kuikataza. Naomba wanaoijua kazi hii wanisaidie: hatari hasa iko kwenye betri, kwenye chaja au kwa mtumiaji? Marufuku inasaidia? Na tusipopiga marufuku, tuweke masharti gani ambayo mtu asiye fundi anaweza kuyakagua? Nataka vipimo. "Kuwa makini" tumeshaambiwa sana.

FundiSaketi

Hoja ya simu iacheni, haina uzito. Betri ya simu hubeba takriban wati-saa 15. Pakiti ya baiskeli ya volti 36 na ampea-saa 14 inabeba 504. Hizo ni betri za simu zaidi ya thelathini zimebanwa kwenye kasha moja, na moja ikishika moto, jirani zake hazina pa kukimbilia.

Ndani ya kila seli kuna utando wa plastiki mwembamba kuliko unywele unaotenganisha pande mbili. Joto likifika nyuzi 130 hivi, utando huanza kuyeyuka, pande hizo zinagusana, na kuanzia hapo seli inajipasha yenyewe bila kuhitaji umeme wa ukutani. Ndiyo maana kuchomoa chaja baada ya kuona moshi ni kuchelewa (chomoeni tu kama plagi iko mbali na moshi, lakini msitegemee muujiza). Seli za lithiamu zenye nikeli zikipata joto zaidi hutoa na oksijeni yake, kwa hiyo kuifunika kwa blanketi hakuinyimi hewa.

Sasa chanzo. Kwa mpangilio wangu, cha kwanza ni chaja isiyo ya betri hiyo, tena kwa mbali. Pakiti ya "volti 36" kwa kawaida ni seli 10 mfululizo, na ikijaa inafika volti 42. Ya "volti 48" ni seli 13, inajaa kwa 54.6. Plagi zake mara nyingi ni zile zile. Chomeka chaja ya 54.6 kwenye pakiti ya seli 10 na umeisukuma kila seli kuelekea volti 5.46, wakati mwisho wake ni 4.2. Kinachobaki kuzuia maafa ni bodi ya BMS peke yake, yaani saketi ndogo ndani ya pakiti inayokata umeme volti ikizidi, na transista za bodi hiyo zikiungua aghalabu hubaki zimeunganisha njia badala ya kuikata. Kwa hiyo kusema "BMS itakata" ni kuweka roho yako kwenye kipande cha bei ya peremende.

Cha pili ni pakiti iliyofunguliwa na kukarabatiwa kwa seli za mchanganyiko. Seli dhaifu huisha kabla ya wenzake, wenzake wanaendelea kuikamua mpaka inashuka chini ya volti 2. Hapo shaba iliyo ndani huanza kuyeyuka. Ukiichaji tena, shaba ile inaganda pasipo mahali pake na kuwa daraja la shoti. Betri inaweza kufanya kazi vizuri kwa wiki kadhaa kabla shoti hiyo haijakamilika. Ongeza fundi aliyelehemu waya moja kwa moja kwenye seli kwa pasi ya lehemu, badala ya kubandika ukanda wa nikeli kwa mashine ya kuchomelea nukta, na utando umeshaonja joto kabla betri haijauzwa.

Cha tatu ni maji na kuanguka. Kutu inakula taratibu, moto unaweza kuja siku kadhaa baadaye, na mwenye betri hakumbuki tena kwamba iliwahi kulowa.

Kuhusu feki, kuna hesabu ambayo mtu yeyote anaiweza. Seli za duara za aina ya 18650 hazizidi kama ampea-saa 3.5, na moja ina uzito wa gramu 45 hadi 48. Pakiti ya volti 36 yenye seli 40 ni safu nne, 4 mara 3.5 ni 14. Kasha likiandikwa ampea-saa 20 na mzani unasoma kilo mbili, lebo imedanganya. Aliyedanganya kwenye lebo hakuwa mwaminifu kwenye BMS.

KuraYaMarufuku

Maelezo mazuri, na yote yananithibitishia kwamba marufuku ni sahihi. Jengo lina ngazi moja! Swali si betri ngapi zitawaka. Swali ni kwamba ikiwaka moja tu kwenye korido ya ghorofa ya pili, wa ghorofa ya tatu hadi ya tano hawana njia. Faida ya baiskeli anapata mwenye baiskeli, hatari anabeba mzee wa ghorofa ya tano ambaye hajawahi hata kuipanda.

London skuta ya umeme iliwaka ndani ya treni kwenye kituo cha Parsons Green, Novemba 2021. Tarehe 13 Desemba mwaka huo huo mamlaka ya usafiri ikazikataza kwenye mtandao wake wote. Machi 2025 wakaongeza baiskeli za umeme zisizokunjika. Hakuna aliyeketi kusubiri takwimu za miaka kumi.

SheriaNdogo

Mfano wa London ni mzuri, lakini angalia kwa nini unatekelezeka. Kituo cha treni kina geti na mfanyakazi, na skuta inaonekana. Mlango wa nyumba ya mtu hauna geti. Betri inachomoka, ina kilo mbili au tatu, inaingia kwenye begi la mgongoni. Mkipiga marufuku bila kutoa mahali pengine pa kuchajia, betri zile zile kumi na mbili zitachajiwa chini ya vitanda, nyuma ya mapazia, usiku, na mwenye betri inayonuka hataripoti kwa sababu atakuwa amejishtaki mwenyewe. Mtakuwa na hatari ile ile, isipokuwa safari hii haionekani.

Jiji la New York lilichukua njia nyingine. Mwaka 2023 moto wa betri za lithiamu uliua watu 18. Sheria yao namba 39 ya mwaka huo, iliyoanza kutumika Septemba, haikukataza baiskeli. Ilikataza kuuza au kukodisha zisizopimwa kwa viwango vya usalama vya UL, shirika la Marekani la upimaji: baiskeli kwa kiwango cha UL 2849, skuta kwa UL 2272, betri kwa UL 2271. Sheria nyingine, namba 42 ya mwaka huo huo, ikakataza kuunda au kukarabati betri kwa seli zilizotolewa kwenye betri nyingine zilizotumika, kile kile FundiSaketi alichokiweka namba mbili. Mwaka 2024 vifo vilikuwa 6. Sisemi sheria peke yake ndiyo iliyoshusha, maana kulikuwa na ukaguzi wa maduka na elimu nyingi kwa umma. Ila ukishika kifaa badala ya mtu, kuna kitu cha kukagua.

Tahadhari moja ya nembo. CE ni tamko la mtengenezaji mwenyewe kwamba ametimiza masharti, na kwa bidhaa nyingi hakuna mtu wa nje aliyeigusa. Alama ya UL hutolewa baada ya maabara huru kupima, na namba yake inatafutika kwenye orodha yao ya wazi. Namba isiyopatikana kwenye orodha ni mapambo.

Mpangaji_Ghorofa3

Nashukuru. Kuna stoo ya matofali chini, mlango wake unafunguka nje ya jengo, haigusani na ngazi. Tukiigeuza kuwa chumba cha kuchajia, inahitaji nini? Kamati pia inataka kununua mitungi ya poda ya kuzimia moto, moja kila ghorofa.

FundiSaketi

Kama mlango unafunguka nje, mmepata kitu ambacho majengo mengi hayana. Mahali pabaya kuliko pote ni chini ya ngazi, na ndipo watu wanapopenda kuziweka.

Umeme kwanza. Chaja ya kawaida ya volti 42 na ampea 2 inatoa wati 84 na inakula kama 100 ukutani. Kumi na mbili ni wati 1,200, hakuna tatizo. Lakini chaja za haraka za 54.6 na ampea 5 zinakula zaidi ya 300 kila moja. Kumi na mbili zinafika kama 3,700 na hapo umemaliza laini ya ampea 16 kwenye umeme wa volti 230, kwa saa nyingi mfululizo. Gawanyeni laini mbili, kila moja na breka yake, na kila betri soketi yake ya ukutani. Ekstensheni iliyochomekwa kwenye ekstensheni nyingine inaweza kuwasha moto bila hata msaada wa lithiamu.

Wekeni rafu za zege au chuma, zisiwe za mbao. Kati ya betri na betri pawe na nusu mita au ukuta wa tofali, ili moja ikiwaka isimpelekee mwenzake. Matundu ya hewa yawe juu na chini, yakitoka nje. Gesi zinazotoka kwenye seli zina hidrojeni na monoksidi ya kaboni, na zinaweza kulipuka zikikusanyika chumbani. Ule moshi mweupe watu wanaudhania mvuke. Ukiuona usiwashe swichi yoyote, ondoka. Moshi huo pia una floridi ya hidrojeni, ambayo hutaki iingie mapafuni. King'ora cha moshi kifungwe ndani ya stoo, kiunganishwe na kingine kwenye ngazi, vinginevyo kitalia peke yake.

Muda: wati-saa 504 kwa wati 84 ni saa 6. Soketi yenye saa ya kukata umeme, iwekwe 7. Betri ikitoka barabarani ipumzike nusu saa ipoe kabla ya kuchajiwa, na chumba kikiwa chini ya nyuzi 0 isichajiwe kabisa, maana lithiamu inaganda juu ya elektrodi badala ya kuingia ndani.

Ya mitungi namwachia mwenye kazi yake.

MajiKwanza

Poda inaangusha ndimi za moto, haipoozi. Seli zilizo ndani ya kasha bado zina joto na dakika chache baadaye moto unarudi. Kinachopooza ni maji, mengi, kwa muda mrefu. Ile hofu ya "lithiamu na maji inalipuka" inahusu lithiamu ya metali. Betri za kuchaji za aina hii zina lithiamu iliyofungwa kwenye misombo mingine, na wazima moto huzimwagia maji.

Lakini mkazi asijaribu kuuzima moto wa pakiti ya wati-saa 500 kwa mtungi wowote. Toka, funga mlango nyuma yako, gonga milango, piga simu. Mlango uliofungwa utawapa wa juu dakika nyingi kuliko mtungi. Mitungi nunueni kwa ajili ya majiko na nyaya. Hata mifuko ile ya "isiyoshika moto" angalieni ukubwa, mingi imetengenezwa kwa betri ndogo za ndege za kuchezea.

Betri iliyozimwa ikae nje, mbali na ukuta, siku kadhaa. Huwaka tena.

KuraYaMarufuku

Sawa, stoo naikubali. Nani atakagua saa tatu usiku?

SheriaNdogo

Ukaguzi ufanyike mara moja kwenye kuandikisha, usiwe wa kila usiku. Kila betri na chaja yake vipewe utepe wa rangi moja na namba moja. Rafu yenye rangi mbili tofauti hata mtoto ataiona. Daftarini iandikwe volti iliyo kwenye lebo ya chaja upande wa kutoa. Neno "36V" pekee halitoshi, kwa sababu kuna pakiti za lithiamu za aina nyingine, za fosfeti ya chuma, zenye seli 12 zinazojaa kwa 43.8. Hizo ni tulivu zaidi kwenye joto, lakini gesi yake inawaka vile vile, kwa hiyo zisisamehewe kwenye kanuni.

Mita ya kawaida ya umeme itamaliza ubishi. Chaja ya volti 42 ikipimwa bila betri ikasoma zaidi ya 42.5, haiingii. Pakiti ya seli 10 iliyojazwa usiku mzima na chaja yake ikasoma chini ya 41 asubuhi, kuna safu imechoka, iende kwa fundi. Iliyovimba, inayonuka kama rangi ya kucha, iliyozama majini, au iliyo na joto saa moja baada ya kumaliza kuchajiwa, inatolewa bila mjadala.

Mpangaji_Ghorofa3

Hii naweza kuipeleka kwenye kikao. Tatizo ni kwamba najua pakiti mbili za kukarabatiwa zipo tayari, na wenyewe wanazitegemea. Zikikataliwa wanazifanyia nini? Wasije wakazitupa kwenye pipa la taka.

FundiSaketi

Pipani hapana kabisa. Gari la taka likizikandamiza ndiyo mwanzo wa moto mwingine. Waziendeshe mpaka chaji iwe chini ya asilimia 30. Ndicho kiwango kinachotumika kusafirisha betri hizi kwa ndege za mizigo, kwa sababu seli yenye chaji kidogo ina nguvu kidogo ya kujipasha. Zisiende sifuri, kwa sababu ya ile shaba. Kisha ncha za umeme za betri zifunikwe kwa utepe wa plastiki, moja moja, na zikae kwenye ndoo ya chuma yenye mchanga, nje, mpaka zifike kwa wanaopokea taka za kielektroniki. Kama imevimba, usiiendeshe hata mita moja. Itoke hivyo hivyo ilivyo, na uwaambie wanaoipokea kwamba ina chaji.