Tupeane uzoefu: kufungua kijiko cha trekta dogo, kukihifadhi na kukirudisha

Parachichi_Njombe
Habari zenu wakuu. Matrekta madogo yaliyotumika kutoka Japani yanazidi kuingia nchini, na mengine yanakuja na kijiko cha kuchimbia nyuma. Langu ni la aina hiyo. Kiangazi linachimba mitaro ya mabomba ya maji kwenye parachichi. Mvua zikikaribia natoa kijiko, nafunga rotaveta (mashine ya kusagia udongo). Kijiko kina uzito wa mamia ya kilo, na huku kijijini hakuna kreni.

Ninachoamini kabisa ni kwamba kijiko hujishusha chenyewe na hujipandisha chenyewe kwa oili ya trekta. Ukiona vijana sita wanakisukuma kwa mitaimbo, ujue utaratibu umekosewa tangu mwanzo.

Naegesha sehemu tambarare yenye udongo mgumu, mkono wa kijiko ukiwa katikati, haukulala upande. Nashusha miguu ya pembeni juu ya mbao nene, kisha nalaza ndoo chini. Natoa pini za kufungia. Halafu kwa mzunguko mdogo wa injini nakandamiza mkono chini taratibu, fremu inanyanyuka yenyewe kutoka kwenye kulabu za chasisi. Hapo nazima injini, nachezesha fimbo zote za kijiko huku na huku ili presha iishe, ndipo nachomoa hosi za oili. Hosi ni za mwisho kutoka.

Wakati wa kurudisha, hosi ni za kwanza. Narudi nyuma hadi zifike, nazichomeka, nawasha injini, kisha kwa fimbo za kijiko chenyewe napandisha au nashusha fremu mpaka ikae kwenye kulabu. Anayejaribu kulenga kulabu kabla ya kuchomeka hosi atahangaika na jeki mchana kutwa.

Nyie wenzangu mnafanyaje? Hasa kwenye kuhifadhi, maana kijiko kinakaa chini miezi mingi.

Fundi_Msamvu
Mkuu umeeleza vizuri. Nakaa kidogo hapo ulipochomoa hosi, kwa sababu ndipo mashine nyingi zinapofia.

Pampu ya haidroliki, ile inayosukuma oili, inazunguka muda wote injini inapowaka. Kwenye matrekta mengi madogo oili inatoka kwa hosi moja, inapita kwenye valvu za kijiko, inarudi kwa hosi ya pili. Ukichomoa zote mbili, koplingi (viungio vya hosi) zinajifunga zenyewe, na oili haina pa kupita. Ukiwasha injini hapo, pampu inasukuma ukuta. Kama kuna valvu ya kupunguza presha upande ule, utasikia mlio mkali na oili itachemka. Kama haipo, kitu kitapasuka: hosi, sili ya pampu (mpira unaozuia oili isivuje), au pampu yenyewe. Niliwahi kuletewa trekta la aina hiyo. Dereva aliona linalia, akadhani ni injini, akaongeza mafuta ili "ichangamke". Sili ilitoka na oili yote ikamwagika chini.

Dawa yake ni kuunganisha zile koplingi mbili za upande wa trekta zenyewe kwa zenyewe, au kwa hosi fupi, kabla hujawasha ili kulisogeza mbele. Zikiwa moja dume na moja jike zinaingiliana bila shida. Yapo matrekta yenye valvu ya kugeuza njia ya oili ambayo hayahitaji hivyo, kwa hiyo angalieni kitabu cha trekta lako, si la jirani.

Tena, oili humo inatembea kwa presha ya bar 140 hadi 170 au zaidi. Hosi ikiwa na tundu dogo kama la sindano, ile oili inapenya ngozi. Kidonda kinaonekana kidogo, hakiumi sana mwanzoni, lakini ndani inaua nyama, na mtu anaweza kupoteza kidole au mkono. Usitafute uvujaji kwa kiganja. Pitisha kipande cha boksi. Ikikupenya, ni hospitali saa hiyohiyo, na umwambie daktari wazi kuwa ni oili ya presha.

Mkulima_OlKalou
Salamu wadau, niko Nyandarua. Kijiko nakitumia kuchimba mabwawa madogo ya kuvunia maji ya mvua.

Shida yetu huku ni udongo mweusi. Ukiacha kijiko juu yake wakati wa kiangazi, mvua zikija mguu mmoja unazama kuliko mwingine, na fremu inainama. Halafu kuna jambo ambalo wengi hawalijui: ile miguu ya pembeni inashikiliwa na oili iliyofungiwa ndani ya silinda. Sili zikiwa zimechoka, oili inapita polepole, na baada ya wiki kadhaa kijiko kimeketi chini kuliko ulivyokiacha. Mwenye kijiko anashangaa kwa nini hakilingani tena na trekta.

Mimi nimemwaga zege kwenye kona ya banda, na nimechomelea vyuma viwili vya kusimamia fremu. Kabla ya kuondoa trekta naviweka chini ya fremu, kisha nalegeza miguu kidogo ili uzito ukae juu ya chuma na si juu ya oili. Kinabaki kwa kimo kilekile mwaka mzima.

Bahari_Kilifi
Kwetu Pwani adui ni chumvi. Ule mti wa silinda unaong'aa, yaani chuma kinachoingia na kutoka, ukiota kutu hata doa moja, kila unapoingia na kutoka unakwangua sili, na uvujaji umeanza. Kwa hiyo najitahidi kiegeshwe na miti hiyo mingi iwezekanavyo ikiwa imeingia ndani ya silinda. Sehemu inayobaki nje naipaka grisi na kuifunga kitambaa. Siku ya kuanza kazi naifuta grisi yote, maana mchanga ukinata hapo unakuwa msasa.

Na vifuniko vya koplingi msivipuuze. Manyigu huku wakiona tundu wanajenga nyumba ya udongo ndani yake. Udongo ule ukisukumwa na oili unaishia kwenye valvu.

Kuhusu kuchimba: mwamba wa matumbawe haushindwi na kijiko cha trekta dogo. Tumia ndoo nyembamba yenye meno, kwaruza tabaka kwa tabaka. Ukifika kwenye jiwe gumu, waite wenye nyundo ya mtambo. Ukilazimisha unapinda pini na kuchana vibati vya mkono.

Mtanzania_Minnesota
Nami nichangie kutoka Marekani, maana huku vitu hivi viko karibu kila shamba dogo. Natumia Kubota BX23S, kiti kinageuka ukatazama nyuma, na kijiko chake kinafika kina cha kama mita 1.8. Baridi ikianza ardhi inaganda, kijiko hakina kazi, kwa hiyo nakitoa na kubaki na loda (ndoo kubwa ya mbele) ya kusogeza theluji.

Niwape lililonisumbua wakati wa kurudisha. Kijiko kilichofunguliwa kwenye baridi kikipigwa na jua, oili iliyobaki ndani ya hosi inatanuka, presha inapanda, na koplingi inakataa kuingia hata uisukume kwa nguvu zote. Ikinitokea nakiacha kipoe hadi asubuhi. Bora zaidi ni kukihifadhi kivulini tangu mwanzo. Hosi zenyewe nazifunga utepe wa rangi, jozi kwa jozi.

Jambo jingine: huku kabla ya kuchimba unapiga namba 811, bila malipo, na wenye mabomba na nyaya wanakuja kuweka alama. Nyekundu ni umeme, njano gesi, machungwa simu na intaneti, bluu maji ya kunywa, kijani majitaka. Nyumbani hatuna namba kama hiyo, lakini mabomba na nyaya zipo. Ulizeni mamlaka ya maji, ulizeni TANESCO, ulizeni wazee wa mtaa waliokuwepo bomba likipita.

Dereva_Mbarali
Kijiko kikitoka, trekta limepoteza uzito wa nyuma. Ukibeba mchanga kwa loda siku hiyohiyo, magurudumu ya nyuma yananyanyuka, na breki ziko huko nyuma. Fungeni kitu kizito nyuma kwanza.

Bustani_Lushoto
Asanteni sana kaka zangu. Nina swali. Kuna mtu ananiuzia kijiko cha kufunga kwenye mikono mitatu ya nyuma, ile tunayofungia jembe. Bei ni nzuri. Shamba langu lina mteremko. Ninunue?

Fundi_Msamvu
Dada yangu, nakusihi uwe mwangalifu sana. Ile mikono imetengenezwa kuvuta na kubeba. Mara nyingi haizuii kitu kupanda juu. Ndoo ikinasa kwenye mzizi na wewe ukaendelea kuvuta, kijiko chote kinaweza kunyanyuka na kujikunja kuelekea trekta, na wewe umekaa katikati. Watu wamebanwa hivyo. Kijiko cha kuaminika kina fremu yake ndogo inayoshika chasisi, pini kushoto na kulia. Kama huyo muuzaji hana fremu hiyo, kaa na fedha zako.

Kwenye mteremko, usichimbe trekta likiwa limekaa kiubavu. Lielekeze juu au chini, shusha ndoo ya loda mpaka iume ardhi, kisha sawazisha kwa miguu ya pembeni. Udongo unaotoa usiumwage upande wa chini kwa kuzungusha mkono haraka. Ndoo iliyojaa na mkono ulionyooka ndivyo vinavyopindua trekta dogo.

Parachichi_Njombe
Nashukuru wote. Mkulima wa Ol Kalou, hivyo vyuma vya kusimamia nitavichomelea kabla ya masika.

Nami niongeze moja kwa ajili ya wasaidizi wetu. Wakati wa kufunga au kufungua, mtu yeyote asisimame kati ya trekta na kijiko injini ikiwaka, hata "kidogo tu kuangalia pini". Aangalie kutoka pembeni, au injini izimwe. Na mtaro ukishapita kina cha mita moja na nusu, kijana asishuke ndani kutandaza bomba kabla hujaweka mbao za kuzuia kuta au kuzilaza mshazari. Mita moja ya ujazo ya udongo inapita tani moja na nusu. Kifusi nacho kikae mbali na ukingo, angalau sentimita 60.

Dada wa Lushoto, ukienda kukiangalia hicho kijiko, piga picha ya sehemu kinaposhikia trekta na picha ya koplingi, uziweke hapa kabla hujalipa. Fundi atakwambia kama kinafaa.