Kinjeketile ni shujaa au ni mwongo? Naomba msaada wa uchambuzi

Mwanafunzi, kidato cha sita

Shikamooni walimu wangu, na wenzangu hamjambo. Tunasoma tamthilia ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyotoka mwaka 1969, inayohusu Vita vya Maji Maji dhidi ya utawala wa Wajerumani. Katika insha yangu niliandika kwamba Kinjeketile ni mwongo, kwa kuwa watu waliamini maji yake yatawakinga na risasi, wakaenda vitani wakafa. Mwalimu aliikata sentensi yote kwa kalamu nyekundu, akaandika pembeni neno moja: "shujaa". Nimeirudia tamthilia mara mbili, na bado naona hakuna hata neno moja kati ya hayo mawili linalomtosha. Isitoshe, dhamira nilizoziorodhesha, yaani ukombozi, umoja, imani na nafasi ya mwanamke, ni zilezile ambazo ningeweza kuziandika kuhusu kitabu chochote. Dhamira hutafutwaje ndani ya mhusika badala ya kubandikwa juu yake?

Mwalimu mstaafu, Tanga

Marahaba, mwanangu. Swali lako ni zuri kuliko insha nyingi nilizowahi kusahihisha.

Mhusika hafahamiki kwa jina la sifa tunalompa. Hufahamika kwa kumfuata pale anapobanwa. Kinjeketile anapopandwa na pepo Hongo, anasema kwa uhakika wote, na makabila yaliyokuwa yakitazamana kwa shaka yanaungana kwa ajili ya sauti ile. Lakini soma tena maneno yenyewe, maana ndani yake limo tamko kwamba watakuwa watoto wa Seyyid Said, Sultani wa Zanzibar. Pepo akishamtoka, Kinjeketile anayasikia maneno hayo kutoka vinywani mwa wengine, naye anashtuka: kumwondoa Mjerumani ili kumkaribisha Sultani ni uhuru gani huo? Tangu hapo ana mashaka, na watu hawayataki mashaka yake, kwa kuwa wameshalishika neno.

Sasa pima maneno yako mawili. Mwongo huujua ukweli anaouficha, na Kinjeketile hana ukweli aliouficha. Ukimwita shujaa ukaishia hapo, unayafuta mashaka yake, ambayo ndiyo moyo wa tamthilia. Kwa hiyo usiandike "imani" kama dhamira. Andika sentensi kamili ambayo mtu anaweza kuibishia, kwa mfano: neno linaweza kuwaunganisha wanyonge na papo hapo likamshinda nguvu yule aliyelitamka.

Msomaji, Mombasa

Naafikiana na Mwalimu, ila istilahi nazo zinachangia mkanganyiko. Huku kwetu Kenya, dhamira kwa kawaida ni lengo la mwandishi, na yale anayoyaeleza mwanafunzi tunayaita maudhui. Tanzania dhamira ni sehemu ya maudhui. Ukisoma miongozo ya pande zote mbili bila kulijua hilo, utachanganyikiwa.

Jambo la pili: usimchambue Kinjeketile peke yake. Mweke karibu na Kitunda, rafiki yake anayeiangalia vita kwa macho ya mtu wa mafunzo na mipango. Mwishoni Kitunda anamsihi akubali kusema kwamba maji yalikuwa uongo, naye anakataa, kwa kuwa akilitamka hilo, Wajerumani watawaambia wajukuu kwamba kupigania uhuru kwenyewe kulikuwa uongo. Mtu aliyeyatilia shaka maji yake mwenyewe anakubali kuumia kuliko kuyakana mbele ya adui. Nimeusoma ukurasa huo mara nyingi, na kila mara hunichukua muda kuufunga.

Mpenda historia, Lindi

Ndugu mwanafunzi, tazama pia alichokibadilisha mwandishi. Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe, yule wa historia, alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, siku chache tu baada ya Vita vya Maji Maji kuanza, na vita vikaendelea mpaka 1907. Kinjeketile wa jukwaani anaachwa hai mpaka ayaone maafa, na ni mtu wa namna hiyo tu anayeweza kuulizwa kama maji yalikuwa uongo. Mwandishi anaposogeza tukio hivyo, msomaji anapaswa kusimama na kuuliza amelisogeza kwa ajili ya nini. Jibu la swali hilo litakufikisha kwenye dhamira upesi kuliko orodha yoyote.

Mwanafunzi, kidato cha sita

Asanteni sana. Nimeandika upya hivi: "Kinjeketile anakataa kuyakana maji, ingawa ameyatilia shaka, kwa sababu maji yamekwisha kuwa jina la madai ya watu kwamba wao si watumwa." Nafasi ya mwanamke nimeiondoa, maana sikuwa na la kusema.

Mwalimu mstaafu, Tanga

Sentensi hiyo inasimama, mwanangu. Ila nafasi ya mwanamke usiiondoe kabla hujarudia mwanzo wa tamthilia, pale Bi Kitunda na Bi Kinjeketile wanapozungumza. Sikiliza wanavyoongea habari za njaa, wakati waume zao wanatolewa jasho kwenye shamba la pamba la Mjerumani. Maji hayajatajwa bado, na sababu ya vita imeshasemwa.