From Zero ya Linkin Park kwenye sabufa: sauti ya mwimbaji inapotea, tatizo ni nini?

Mwana_Ngamiani
Wakuu, salaam. Naomba ushauri kwa wanaojua mambo ya sauti. Nina From Zero, albamu ya bendi ya roki Linkin Park, ile ya Novemba 2024 aliyoingia mwimbaji Emily Armstrong. Nimeishusha ndani ya programu ya muziki kwenye simu. Kwa eafoni, safi kabisa. Nikichomeka kwenye sabufa ya 2.1 (spika mbili ndogo na sabufa moja) kwa waya wa AUX, magitaa yapo, ila Emily na Mike Shinoda wanaimba kama wako kisimani, na dramu haina kishindo hata nifungue besi mpaka mwisho. Chumba kiko Ngamiani, Tanga, futi 10 kwa 12, sakafu ya simenti, juu bati bila dari, na jirani tunachangia ukuta. Ikwalaiza ya simu nimeweka "Rock". Ninunue sabufa kubwa zaidi au kuna cha kurekebisha? Na flashi je, inafaa? Bando linakwisha.

Mpiga_Besi
Mkuu, hizo 2.1 zimetengenezwa kwa ajili ya singeli. Roki inataka spika mbili kubwa na amplifaya. Jipange.

FundiRedio
Asinunue chochote kwanza. Dalili alizotaja zinaonyesha waya, wala si ukubwa wa sabufa.

Waya wa AUX una njia tatu: ya kushoto, ya kulia, na ya tatu ambayo pande zote mbili zinarudia humo. Hiyo ya tatu ikikatika au isiposhika vizuri, spika zinabaki na tofauti tu kati ya kushoto na kulia. Kilichorekodiwa katikati kinajifuta chenyewe, na kwenye roki katikati ndiko anakokaa mwimbaji, besi na dramu kubwa ya mguu. Gitaa la mdundo kwa kawaida hupigwa mara mbili, moja likawekwa kushoto na jingine kulia. Ndiyo maana hilo unalisikia. Na kitasa cha besi huwezi kukilaumu: hakiwezi kuongeza kisichofika.

Kagua kwa mpangilio huu. Cheza wimbo uleule kwa Bluetooth. Sauti ikirudi katikati, mbaya ni waya wa AUX au tundu lake. Isiporudi, hamia nyuma ya spika ndogo, uangalie kama moja imefungwa chanya kwenye hasi. Hapo utageuza nyaya za spika moja tu. Ukigeuza zote mbili umerudi palepale.

Tazama pia ncha ya waya wenyewe. Yenye mistari mitatu myeusi ni ya eafoni zenye maiki, na kwenye tundu la sabufa mara nyingi njia ya tatu haishiki inavyotakiwa. Unataka yenye mistari miwili.

Bi_Raskazone
Niongezee hapo kwa fundi. Huku kwetu pwani chumvi ya hewani inakula hizo ncha. Ukiona weusi au ukijani, zima sabufa, ichomoe ukutani, chovya kijiti cha pamba kwenye spiriti, kikamue kisidondoke, kisha zungusha ndani ya tundu mara kadhaa. Acha dakika kumi ikauke. Usitumie mafuta ya cherehani jamani, nawaona mafundi wa barabarani wanapenda sana. Yanashika vumbi na baada ya muda unarudi kulekule.

Mwana_Ngamiani
Shukran sana. Kwa Bluetooth sauti imerudi! Waya wangu una mistari mitatu. Kesho natafuta mwingine. Sasa mpangilio wa chumba na hiyo ikwalaiza?

FundiRedio
Ikwalaiza zima. Hiyo "Rock" kwenye simu nyingi inapandisha besi na trebo, katikati inashusha, na gitaa na sauti ya mtu vinaishi hukohuko katikati. Jina zuri, kazi mbovu.

Simu iweke kwenye asilimia 80 hadi 90, halafu kiasi cha sauti ukirekebishe kwa kitasa cha sabufa. Ukiiweka simu chini na kufungua sabufa sana, unakuza na mvumo wa chinichini. Simu ikifika 100, sabufa nyingine za bei ndogo zinaanza kukwaruza kwenye vipande vizito. Besi anzia chini kabisa, pandisha mpaka uisikie, kisha rudisha kidogo.

Bi_Raskazone
Spika ndogo zitoe juu ya sabufa, watu wengi wanazirundika pamoja halafu wanashangaa kushoto na kulia ni kitu kimoja. Ziachanishe mita moja na nusu, wewe ukae umbali huohuo kutoka kila moja, na ziwe usawa wa masikio. Sabufa iwe chini, sentimita 30 hivi kutoka ukutani. Isikae kwenye kona, kona inaivimbisha besi, wala isiguse ukuta wa jirani. Chini ya miguu yake weka vipande vinne vya soli ya kandambili kuukuu, mtetemo mwingi unaoishia sakafuni utapungua. Besi inayopita hewani bado itamfikia jirani, kwa hiyo saa nne usiku punguza.

Sakafu tupu na bati vinarudisha sauti. Tandika mkeka, au zulia ukilipata, kati yako na spika, na pazia zito ukuta wa nyuma yako. Mvua ikipiga bati, tumia eafoni tu.

Mpiga_Besi
Sawa, nimekubali kuhusu waya. Kwa upande wa flashi: faili ulizoshusha ndani ya programu ya muziki zimefungwa, hazihamishiki. Unahitaji albamu iliyonunuliwa kama faili. Nenda na MP3 ya kbps 320: inakula MB 2.4 kwa dakika, na albamu nzima ni kama dakika 32, kwa hiyo MB 77 hivi. FLAC, aina ya faili isiyopunguza chochote kwenye sauti, itafika MB 200 na zaidi, na sabufa nyingi za 2.1 hazisomi FLAC kabisa, zitakaa kimya. Fomati flashi kwa FAT32, mpangilio wa kuhifadhi faili ambao sabufa nyingi zinausoma. Sabufa nyingi zinapiga kwa mpangilio wa faili zilivyonakiliwa, hazijali alfabeti, kwa hiyo nakili moja moja kuanzia 01 hadi 11.

Mwana_Ngamiani
Mpangilio una umuhimu gani? Si nyimbo tu?

Bi_Raskazone
Una umuhimu. Namba moja ni utangulizi wa sekunde 22 tu, unakuingiza wimbo wa pili. Kama programu yako inafifisha mwisho wa wimbo ili kuunganisha na unaofuata, na umeweka sekunde sita, zaidi ya robo ya utangulizi imeliwa. Zima hiyo, na zima kuchanganya nyimbo. Kama una toleo la 2025 lenye nyimbo tatu za ziada, simama kwanza kwenye ya 11.

FundiRedio
Na ukinunua waya, chukua mfupi, mita moja na nusu inatosha. Ujaribu hapohapo dukani kwa wimbo wenye mtu anayeimba: tikisa ncha zote mbili huku unasikiliza. Sauti ikiyumba, rudisha, chagua mwingine.