Bondi za manispaa za Marekani au za hapa kwetu? Grafu inasema ninunue

Mto_Njoro: Wadau, salamu kutoka Nakuru. Pesa ya shamba imeingia na nataka kuamua kabla ya mwezi kwisha. Binamu aliye Marekani ananisukuma niingie mfuko wa bondi za manispaa za huko, yaani mikopo ya miji na majimbo. Nimeangalia grafu, wastani wa bei wa siku 50 umeupita ule wa siku 200, wapenda grafu wanasema hiyo ni dalili ya kupanda. Ama ningoje mnada wa bondi ya miundombinu ya serikali hapa?

Kondele_Juu: Pesa ngapi? Utaihitaji lini? Mfuko upi? Bila hayo tutakupigia ramli tu.

MamaSokoni: Miundombinu! Riba yake haikatwi kodi. Ile ya Februari 2024 ni 18.46%, tulioiwahi tumetulia.

Kondele_Juu: Mama, hiyo ilipita na riba zimeshuka. Akiitaka leo atailipia zaidi ya thamani iliyoandikwa juu yake.

Mhasibu_Milimani: Turudi kwa grafu. Bondi za manispaa hulipa riba ndogo kwa sababu Mmarekani hakatwi kodi ya serikali kuu juu yake. Wewe wa Nakuru unakubali riba hiyo ndogo kwa nafuu isiyokuhusu, halafu unabeba na hatari ya dola. Tena bondi moja moja hukaa siku nyingi bila kuuzwa. Mstari uliotulia kwenye grafu yake maana yake hakuna aliyenunua. Mji wa Detroit ulifilisika 2013; madeni ya mji husomwa kwenye hesabu zake, si kwenye grafu.

Chati_Tu: Amesema mfuko, mhasibu. Mfuko unauzwa sokoni kila siku, bei ni ya kweli, RSI, kipimo cha kasi ya bei, inafanya kazi.

Mhasibu_Milimani: Inakuonyesha riba ya Marekani inaelekea wapi. Riba ikipanda, bei inashuka. Hilo hata Fed, benki kuu ya Marekani, wanakwambia.

BabaWatoto_Ahero: Mimi niwaambie ya kuuza. Nilikuwa na bondi ya serikali ya miaka 15, karo ya Januari ikabisha hodi. Dalali alikuwa amenionyesha grafu nzuri, bei imepanda vizuri kabisa. Nikamwambia uza. Kimya. Nikipiga simu, "mzee, mnunuzi anakuja." Shule zikafunguliwa, mtoto akarudishwa nyumbani. Alipopatikana mnunuzi, bei yake ilikuwa chini ya ile ya kwenye grafu, na dalali akakata kamisheni yake bila haya. Grafu ilionyesha bei, mtu wa kuilipa hakuwepo.

Kondele_Juu: Pole mzee. Lakini kaunti zetu mbona haziuzi bondi? Kisumu ingejenga mabomba ya maji. Mamlaka ya maji ya Tanga iliuza yake 2024 kwa 13.5%, miaka 10.

Mhasibu_Milimani: Kifungu cha 212 cha Katiba: kaunti ikitaka kukopa, lazima serikali kuu idhamini na bunge la kaunti likubali.

MamaSokoni: Bunge la kaunti lishike pesa yangu? Afadhali sacco.

Chati_Tu: Sacco nazo zina grafu?

MamaSokoni: Zina gawio, kijana.

Mto_Njoro: Asanteni. Mfuko ni wa bondi za muda mrefu. Sehemu ya pesa ni ya mama, ataihitaji mwaka ujao.

Kondele_Juu: Hilo ungelisema mwanzo! Mama mwenyewe anajua kuhusu Marekani?