Anayeuliza afichwe jina, anayejibu ajulikane: mwasemaje watu wa Lamu?

Asalaam aleikum jamani. Nataka tulijadili hili waziwazi kabla sijaandika sheria za grupu, maana sisi maadmini watatu tumebishana wiki nzima na hatujakubaliana.

Grupu letu la wasapu ni la kina mama, wengi wa Langoni na Mkomani, wako wa Shela, na wengine wameolewa Mombasa na Malindi huko. Watu wanauliza mambo ya watoto, ndoa, dawa. Mwezi uliopita kuna binti kajifungua mtoto wa kwanza, ziwa limevimba, jekundu, linauma, kauliza usiku kwa sababu mamake yuko Faza na hapo hakuna boti mpaka asubuhi. Akajibiwa nini? "Kwani we ndo wa kwanza kuzaa?" Mwengine stika za kucheka, mwengine akamuuliza mamake alimfunza nini. Nesi mmoja tu ndo alimwandikia vizuri, kwamba asiache kunyonyesha na akiona homa aende kliniki asingoje, lakini ujumbe wake ulikuja chini kabisa ya kejeli zote hizo na binti alikuwa keshatoka kwenye grupu. Kesho yake alasiri skrinshoti iko barazani kwa wanaume, mumewe anaulizwa na wenzake wa botini habari za ziwa la mkewe. Wallahi nililia. Ziwa lenyewe lilifanya jipu likapasuliwa, na mpaka leo yule binti hajibu simu zangu.

Sasa pendekezo langu ni hili. Mwenye swali la ndani amtumie admini, admini aliweke bila jina. Anayejibu ndo ajulikane, na akitaja dawa aseme ameitumia mwenyewe, au ameisikia tu, au ni kazi yake. Atakayetoa maneno ya mtu nje anatolewa, hakuna mara ya pili. Wa matusi apewe onyo kwanza, hasira kila mtu anazo.

Mwenzangu mmoja anakataa, anasema ukificha majina umefungulia fitina. Na ana sababu, mwaka jana lilikuja swali halina jina lakini lilimchora mke mwenza wa mtu mpaka rangi ya mlango wake, na mji huu ukishataja mlango umeshataja mtu. Kwa hivyo admini lazima asome kwanza na aondoe ishara zote, hiyo ni kazi na inachosha, lakini ndo kazi tuliyojipa. Zamani mwari alikuwa na somo wake, yule mama wa kumfunza mambo ya unyumba, akimuuliza lolote na halikutoka nje ya chumba. Siri ya mtungi iulize kata. Hakuna aliyesema somo anafuga uongo.

Na msidhani ni adabu tu. Katiba ya Kenya ya 2010 kifungu cha 31 kinampa mtu haki habari za familia yake na mambo yake ya faragha zisianikwe bila sababu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu habari za afya, za ndoa, hata majina ya watoto wako kuwa data nyeti. Ile ya makosa ya kompyuta ya 2018 nayo ina kifungu cha kusumbua watu mtandaoni, faini mpaka milioni 20 au jela mpaka miaka 10. Sitaki kumpeleka mtu kotini, nataka tu mjue hata serikali imeliona jambo hili ni zito.

Semeni.

Mama Wawili: Mimi nakataa. Nikimjua anayeuliza namjibu kwa hali yake, najua ana watoto wangapi, ana presha au hana. Swali lisilo na mtu ntalijibuje? Tena mkubwa akikukemea si matusi, ndo tulivyolelewa.

Wa Shela: Kukemewa nyumbani na kukemewa mbele ya watu mia tatu ni sawa bibi? Mimi nilishawahi kuandika swali nikalifuta mara nne. Sikuuliza mpaka leo.

Fundi wa Mokowe: Mie mwanamume nawauliza tu, huyo admini mwenyewe nani anamchunga? Siri zote za mji ziko kwenye simu yake.

Nawajibu. Mama Wawili, la hali ya mtu umesema kweli kabisa na nimelichukua, swali litakuja na umri wa mtoto, ugonjwa kama upo, dawa anazotumia, jina tu ndo halitakuja. La kukemea sikubali, samahani mamangu, yule binti alikemewa akanyamaza na jipu likaiva. Fundi, swali lako limenikosesha usingizi. Naona muulizaji achague mwenyewe admini anayemwamini kati ya watatu, admini akishaliweka swali afute ule ujumbe kwenye simu yake, na admini atakayevujisha atolewe kama mwengine yoyote, nikiwemo mimi. Wa Shela, niandikie inboksi hilo swali lako usiku huu.

Sheria naziandika Jumapili baada ya ishaa, mwenye neno alilete kabla ya hapo.